Unga wa Nyuma ya Shelfu

Pale Bugarama, ukitaka kujua kama supamaketi za Kahama zina kitu Jumamosi hii, hakuna atakayekwambia upande gari ukajionee. Watakwambia kamuulize Mama Luka. Utamkuta nyuma ya karai la mafuta, mkono mmoja una kijiti cha kugeuzia maandazi, mkono wa pili una simu, anawarekodia sauti mama lishe wote wa machimboni: mafuta ya ndoo yameshuka duka la karibu na stendi, ila mifuniko imelegea, msiyaguse, sabuni ya mche ina ofa, ukinunua kadhaa unaongezwa mmoja, lakini huo wa kuongezwa ni mwembamba, ushikeni kwanza mkononi, lile duka jipya lenye kiyoyozi wanazima friji usiku kuokoa umeme, samaki wa pale muwaachie wenyewe wale. Hasalimii wala haagi. Anamaliza, anageuza maandazi.

Jina lake la ubatizo ni Paskalina, mzaliwa wa Ushetu, binti wa wakulima wa tumbaku. Mwanamume aliyemleta Bugarama alisikia dhahabu imetoka kwingine, akaifuata, akamwachia mtoto wa kunyonya na sufuria moja. Akiulizwa habari za mtu huyo, Mama Luka hujibu kwamba sufuria ilikuwa nzuri.

Kabla ya maandazi alikuwa anaponda mawe ya sampo. Mnunuzi wa mawe hanunui kiroba hivi hivi. Anatoa jiwe moja mawili, yanapondwa kwenye kinu cha chuma, unga wake unaoshwa kwenye karai, dhahabu inabaki chini kama uzi, na uzi huo ndio unaosema kiroba kina thamani gani. Sasa muuzaji naye si mjinga. Mawe yanayotoa anayapanga juu, yale makavu anayafukia chini. Mama Luka alipewa kazi ya kuponda, akaigeuza ikawa kazi ya kuchagua: alikuwa anazamisha mkono kwenye kiroba mpaka kwapani, anachomoa la chini kabisa, na wanunuzi wakaanza kumgombania. Alipohamia kwenye biashara ya chakula, mkono ule akahama nao. Dukani hachukui kitu cha mbele. Unga, maziwa ya kopo, tambi, kiberiti, chochote: anasogeza vya mbele pembeni, anazamisha mkono, anavuta cha nyuma kabisa. Na kweli, kwa miaka, cha nyuma ndicho kilikuwa kipya, kwa sababu wenye maduka wanasukuma mbele kile wanachotaka kiondoke.

Kwa mkono huo akawa mnunuzi wa wenzake. Kila Ijumaa mama lishe wanamletea viroba vitupu, kila kimoja kimeshonwa alama ya mwenyewe: huyu kipande cha kitenge chekundu, yule kifungo cha shati. Wanasema wanachotaka, anakariri, Jumamosi anakwenda Kahama, jioni viroba vinarudi vimejaa, na kila kiroba kinamwachia chake kidogo. Maandazi yanamlisha. Lakini viroba ndivyo vilivyoezeka nyumba, na viroba ndivyo vinavyomsomesha Luka huko Shinyanga mjini. Bila viroba, Mama Luka ni mkaanga maandazi mwingine tu kati ya wakaanga maandazi wote wa Bugarama, na hao hawahesabiki.

Ndiyo maana Ijumaa ile, Dorah alipofungua mdomo, Mama Luka aliacha kugeuza.

Asubuhi gari la matangazo lilikuwa limepita barabarani na spika juu: Kapu Tele Supamaketi, Kahama, punguzo ambalo halijawahi kuonekana, unga wa ngano, hamira, sukari, mafuta, Jumamosi tu, mpaka mzigo uishe. Mama lishe walifika kwa Mama Luka mapema kuliko kawaida, kila mmoja na kiroba chake na maoni yake. Mmoja alisema punguzo la Kapu Tele ni la uongo, wanapandisha Alhamisi ili washushe Jumamosi. Mwingine akasema hata kama, mwezi uliopita alipata mafuta pale kwa bei ambayo hata jumla huipati. Wa tatu hakuwa na ugomvi na bei, ugomvi wake ulikuwa na mlinzi wa mlangoni, anayepekua vikapu vya akina mama na kuwaachia wenye mikoba mizuri wapite.

Dorah akaingilia hapo. Dorah ni mkaanga chapati wa karibu na karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, mwenyeji wa Songwa, mfupi, mwenye sauti ya kujaza uwanja na tabia ya kusoma kila kilichoandikwa, hata mfuko uliofungiwa karanga. Akasema yeye ana swali dogo tu. Viroba wanatoa wao, hela wanatoa wao, Mama Luka anakwenda peke yake, anachagua peke yake, wanakula alichochagua. Je, nani aliwahi kwenda kuona kama huo mkono wa nyuma ya shelfu ni ujuzi au ni mazoea?

Wengine wakacheka. Mama Luka hakucheka.

"Mdogo wangu," akasema, "wewe mkono wako utafika nyuma ya shelfu ipi?"

Kicheko kikawa kikubwa zaidi, Dorah mwenyewe akiwemo. Lakini swali lilibaki limekaa pale kama mgeni asiyetaka kuondoka. Serafina, mwenyekiti wa kikundi chao cha mama lishe, mama mtu mzima asiyependa kelele, akaamua: viroba vigawanywe nusu kwa nusu. Mama Luka aende na vyake, Dorah aende na vyake. Jioni mzigo ufunguliwe hapa hapa. Atakayeleta vizuri zaidi ndiye mnunuzi kuanzia wiki ijayo.

Mama Luka akasema sawa. Angesema nini?

*

Jumamosi saa za asubuhi Kapu Tele ilikuwa kama duara, shimo la wachimbaji, lililotapika dhahabu. Wewe kama hujawahi kuona watu wanavyokimbilia duara jipya, ungeona hapo. Pikipiki, bajaji, Noah kutoka Segese, mkokoteni wa punda umeegeshwa katikati ya magari. Mlangoni mlinzi alikuwa anabishana na Mzee Bujiku, mfugaji wa kutoka vijijini, ambaye hakuwa tayari kuiacha fimbo yake. Alikuwa anauliza kwa utulivu kabisa kama kuna ng'ombe humo ndani, maana fimbo ni ya ng'ombe. Kama hawapo, basi haina wa kumpiga, wamwachie aingie nayo. Mlinzi akachoka. Mzee akaingia na fimbo.

"Mwangaluka, baba," Mama Luka akamsalimia walipobanana kwenye kugombea toroli.

"Mwangaluka, mayu. Nimefuata sukari. Wamesema wanagawa bure."

Mama Luka akamwambia hakuna cha bure, ila sukari ile ya mifuko ya bluu haijalowa, akachukue hiyo. Mzee akashukuru, wabeja sana, akajitosa kwenye umati, fimbo juu kama bendera.

Ndani, kelele. Muziki kwenye spika, watoto wanalia, magurudumu ya toroli yanapiga yowe, na juu ya yote watu wanapeana habari bila kujuana majina. Mchele wa pale mwisho mzuri lakini una mawe. Msichukue mafuta ya kopo la manjano, bei iliyobandikwa siyo ile utakayoikuta kwa keshia. Sakafu pale kwenye friji imelowa, wametandika maboksi, angalieni msiteleze. Mwanamke mmoja aliyevaa sare ya unesi alikuwa anamweleza kila anayepita kwamba amenusa lile friji la kuku na hataki kuzungumza zaidi, kisha anazungumza zaidi. Mama mwingine akamjibu kwamba yeye kuku wa pale amekula mwezi mzima na yuko hai, kwa hiyo asiwaharibie watu Jumamosi yao.

Mama Luka alikuwa anazisikia zote, anazipanga kichwani: hii kweli, hii chuki, hii ya kumpitisha mtu njia nyingine ili aliyesema awahi. Damu ilikuwa inamchemka vizuri. Hakuna mahali alipojisikia mzima kama kwenye duka lenye punguzo, macho yanapima, viwiko vinafanya kazi. Bei ya unga ilikuwa imeshuka kweli kweli. Akafika kwenye shelfu, robota za unga zimepangwa mpaka karibu na dari, watu wanavuta za mbele kama wanapakua chakula cha msiba. Akawasogeza. Akainama, akazamisha mkono kwenye kile chumba cha giza nyuma ya robota za mbele, akaanza kuvuta.

Wa Segese wakamwona. Kuna waliokuwa wanamjua kwa ile sauti ya simu, maana sauti zake zilikuwa zinasambazwa mpaka kwa watu asiowajua. Nao wakaanza kuvuta za nyuma. Mama Luka akajaza toroli la kwanza, akajaza la pili, akaongeza pakiti za hamira, nazo za nyuma. Akiwa anasukuma, akamwona Dorah amesimama kwa ncha za vidole vya miguu, anachukua za mbele kwa sababu ndizo alizozifikia, na anazigeuza moja moja kusoma. Akamwonea huruma kidogo. Kidogo tu.

Foleni ya kulipia ilikuwa ndefu. Keshia, msichana mmoja aitwaye Violeth, alikuwa anagonga mashine yake kwa kidole kimoja kwa sababu kingine kilikuwa na plasta. Dorah akaja kusimama foleni ya pembeni, toroli lake limejaa, na kwa sababu hawezi kukaa kimya akaanza kusoma tarehe kwa sauti. Huu unga mwisho wake mwakani. Huu nao mwakani. Hamira, mwakani mwezi wa nane.

"Wa kwako je, Mama Luka?"

Mama Luka hakuwa amesoma. Hii lazima isemwe kama ilivyo: aliacha kusoma tarehe miaka mingi nyuma, kwa sababu mkono wake ulikuwa ukimsomea. Akageuza robota moja, kwa dharau tu, ili amnyamazishe Dorah.

Mwisho wa mwezi huu.

Akageuza nyingine. Mwisho wa mwezi huu. Akainua ya juu, akaangalia ya chini yake, akahamia toroli la pili. Zote. Na Dorah, ambaye macho yake hayapitwi na herufi, alikuwa ameshaona.

"Eeh," akasema Dorah, polepole, kama mtu aliyeokota kitu barabarani na hajaamua kama atangaze.

Mama Luka aliyaacha matoroli palepale, akarudi kwenye shelfu mbio. Akatazama robota tatu nne za mbele zilizokuwa zimebaki: mpya. Akazamisha mkono nyuma: kuukuu. Akahamia shelfu ya hamira: mbele pakiti ngumu kama matofali, nyuma laini, zimeshaingia hewa, unaibonyeza inabonyea. Haikuwa bahati mbaya. Kuna mtu alikaa chini, akamsoma yeye, akalipanga duka zima kwa kumgeuzia. Na alipokuwa bado ameshika pakiti, wanawake wawili wakaja wakabeba robota mpya za mwisho mbele ya macho yake. Shelfu ikabaki na za nyuma tu.

Kwa hiyo hakuna cha kubadilisha. Akirudi Bugarama na huu unga kwa bei hii, Dorah anamaliza kazi kabla hawajashuka garini. Akirudi na viroba vitupu, ni hivyo hivyo. Kilichokuwa mezani ni viroba vyote, vya leo na vya wiki zote zinazokuja, na jioni ilikuwa inakaribia bila kujali.

Alisimama pale labda kwa muda wa kufunga khanga vizuri. Akaifunga. Kisha akaenda kumtafuta meneja.

*

Meneja wa Kapu Tele anaitwa Ignas, na si mtu wa kumdharau. Amekulia Katoro, alianza kwa kuuza soksi amezining'iniza begani, akapanda ngazi mpaka hapo bila kusukumwa na mtu. Alipomwona Mama Luka anakuja, akatabasamu kabla hajafikiwa.

"Shikamoo, Mama Luka."

"Marahaba. Nani kaupanga ule unga?"

"Mimi mwenyewe. Kwa mikono yangu."

Wala hakujificha. Akamweleza, tena kwa heshima, kwamba kwa mwaka mzima alikuwa anashangaa kwa nini vya mbele vinashika vumbi na vya nyuma vinaisha. Mpaka mfanyakazi wake mmoja, mwenye shangazi Bugarama, akamchezeshea ile sauti ya simu, Mama Luka akiwaambia wenzake wachukue cha nyuma. Akaisikiliza mara mbili. "Mji mzima mnachota nyuma," akasema. "Mzigo wa zamani nimpe nani? Nikaona basi, niwape mkono wenu unachotaka."

Mama Luka alijaribu kukasirika, hasira ikagoma kuja vizuri. Ilikuwa imechanganyika na kitu kingine, kile anachokisikia mtu akikutana na mpinzani wa saizi yake. Angekuwa yeye mwenye duka, angefanya hivyo hivyo, na angefanya mapema zaidi.

Akaomba kwa muuza chai wa mlangoni kikombe cha maji ya uvuguvugu na sukari kidogo. Akalipia pakiti moja ya ile hamira laini kwa Violeth, akaipasua, akamimina kwenye kikombe, akakiweka juu ya kaunta ya kulipia. Watu wa foleni wakauliza kuna nini. Akasema anapiga sampo. Wa machimboni hawakuhitaji kuelezwa zaidi ya hapo. Wakasogea, shingo zikarefuka. Wa mjini wakaelezwa na wa machimboni. Hamira nzima inapanda povu kama bia; iliyokufa inakaa chini kama tope. Wakasubiri wote, Violeth akiwa ameacha kugonga mashine, muziki ukiimba peke yake.

Maji yakabaki maji. Tope likakaa chini.

Nesi akasema si nilisema kuhusu duka hili. Aliyekula kuku mwezi mzima safari hii akasogea kukichungulia kikombe. Ignas akakitazama kikombe, akaangalia watu wanavyokitazama kikombe, akakiinua akataka kukiondoa. Mama Luka akamwambia kwa sauti ya chini kabisa akiache, ni chake, amekilipia.

"Ghala lina joto," Ignas akasema. "Bati limeshuka. Hii hamira naitoa yote sasa hivi, nakufungulia boksi jipya, bei ile ile ya punguzo. Tumemaliza?"

"Hamira tumemaliza. Sasa tuje kwenye unga."

Hapo ndipo soko lilipofunguliwa ndani ya supamaketi. Ignas akasema bei iko kwenye mashine na mashine haina masikio. Mama Luka akajibu kwamba basi mwisho wa mwezi mashine iukaangie maandazi. Akamwuliza taratibu: nani Kahama nzima atanunua unga wenye wiki chache? Mwenye nyumba anayetaka pakiti moja ya chapati za Jumapili akiona tarehe atairudisha. Mwenye kioski ataogopa wakaguzi. Huu mzigo una mteja mmoja tu duniani, naye ni mtu anayeumaliza kabla ya Ijumaa, na watu wa namna hiyo wako Bugarama, wanakaanga kila alfajiri, na aliyewashikia viroba ni yeye. Unga haujafa. Una siku zake, wao watauwahi. Lakini hawezi kuununua kwa bei ya unga wenye mwaka mzima mbele yake.

Ignas akashusha kidogo. Mama Luka akasikiliza ile bei kama mtu anayesikiliza redio ya jirani, akaanza kutoa viroba vyake vitupu kwenye toroli, avikunje aondoke. Matoroli mawili yaliyojaa akayaacha yalipo, katikati ya njia ya kulipia, na magurudumu yake, yale ya kupiga yowe, hayakuwa ya kusukumika kirahisi. Foleni ikaanza kunung'unika. Mmoja akasema mwenye duka akomae, akianza kushusha hapa kesho kila mtu atataka. Mwingine akasema unga wa kufa mwisho wa mwezi hata bure ni ghali. Mzee Bujiku, aliyesimama na mfuko wake wa bluu wa sukari, akanyoosha fimbo juu ya vichwa vya watu mpaka karibu na bega la Ignas.

"Kijana, mpe mayu bei yake. Ng'ombe wangu hawajanywa maji."

Watu wakacheka, Ignas naye akacheka, na mtu akishacheka katikati ya bei amelegea. Akashusha tena. Mama Luka akasema nusu. Nusu ya bei ya kawaida? Hapana, nusu ya hii ya punguzo. Ignas akashika kichwa. Akasema mama huyu anataka nirudi Katoro nikauze soksi. Mama Luka akasema soksi zinalipa, asizidharau. Wakapanda, wakashuka, wakatajiana mizigo iliyobaki ghalani, nauli, vibarua, umeme. Ignas akafika mahali akagoma, Mama Luka akaona kweli amefika chini ya kisima, maana macho yake yalikuwa yameacha kucheza. Ilikuwa nusu na kidogo juu yake. Akakubali hiyo, akaongeza kwamba vijana wa duka wampakilie garini, na risiti iandikwe bei hii hii, siyo ile ya mashine.

"Na Jumamosi ijayo mpya utaweka wapi?" akamwuliza akiwa anahesabu.

"Njoo uone," Ignas akasema.

*

Noah ya kurudi ilikuwa imejaa mpaka mlangoni, na Dorah alikuwa na habari ya kusimulia. Akaisimulia njia nzima bila kumficha mtu kitu: jinsi Mama Luka alivyozama kwenye shelfu, jinsi alivyovuta, jinsi uso wake ulivyokuwa aliposoma ile tarehe. Aliuiga ule uso. Aliuiga vizuri hata dereva akaomba aigiziwe tena kwenye kioo. Mama Luka alikumbatia boksi la hamira, akaacha maneno yaishe, kama mtu anayesubiri mvua ikatike kwenye baraza la watu.

Kwa hiyo walipofika, jua halijazama, abiria walikuwa wameshaitanguliza habari kwa simu, na hakuna aliyekuwa hajui. Viroba vikafunguliwa mbele ya Serafina. Vya Dorah vilikuwa safi: unga wa mwakani, bei ya punguzo kama ilivyotangazwa. Wanawake wakaushika, wakausifu. Vya Mama Luka: unga wa mwezi huu, kwa bei iliyowafanya wenye viroba waulize mara mbili, na chenji ikarudi mikononi mwao, chenji ambayo hawakuitegemea. Mmoja wa wale wa Dorah akaangalia chenji ya jirani yake, akaangalia unga wake wa mwakani, akasema yeye hajawahi kukaa na unga mpaka mwakani, hata mpaka Alhamisi haufiki.

Hapo kelele zikaanza upya, kila mtu na lake, mikono inapaa. Upande mmoja ulisema bei ndiyo mnunuzi. Upande wa pili ulisema bei gani, kama Dorah asingesoma ile tarehe wangebeba unga wa kufa kwa bei ya unga mzima, na hamira tope juu yake, na kesho alfajiri kusingekuwa na andazi hata moja barabara nzima. Wote walikuwa na haki, na ndiyo maana kelele haikuisha.

Serafina akamgeukia Dorah. Akamwuliza jambo moja tu: ungekuwa wewe umekutwa na ile tarehe, ungefanyaje?

Dorah alikuwa na nafasi ya kusema lolote. Akakuna shingo.

"Ningerudisha, nikaondoka," akasema. "Yule meneja mimi ningemwamkia tu."

Serafina akamgeukia Mama Luka. Hakumuuliza swali. Alimwambia viroba vitabaki kwake, kwa sababu hakuna mwingine hapa wa kumfanya meneja ashushe bei ndani ya duka lenye bei za mashine. Lakini siku za kwenda peke yake zimekwisha. Dorah atakwenda naye kila Jumamosi, atasoma kila kitu kabla ya kulipiwa, na nauli yake itatoka kwenye kile kidogo cha Mama Luka, siyo kwenye hela za wenye viroba.

Mama Luka akapiga hesabu kimoyomoyo. Ilikuwa inauma, lakini ilikuwa inauma kidogo kuliko kukosa vyote, na mtu akikutajia bei unayoweza kuilipa hupotezi muda kukunja uso. Akakubali mbele ya wote. Kisha akamvuta Dorah pembeni, kando ya karai lililopoa.

"Nauli nakulipia ya kwenda," akasema. "Ya kurudi utakaa mbele na dereva, amependa maigizo yako, atakubeba bure."

"Ya kwenda na kurudi," Dorah akasema. "Na chai."

"Chai utakunywa kwako kabla hujatoka."

"Basi na chapati zangu nipakie bure kwenye viroba vyako, nikauze Kahama."

Mama Luka akamtazama vizuri, kutoka juu mpaka chini, safari ambayo haikuwa ndefu. Hilo la chapati hakuwa amelifikiria. Stendi ya Kahama Jumamosi asubuhi, watu wote wale wenye njaa kwenye foleni ya Kapu Tele.

"Chapati zako na maandazi yangu," akasema. "Kapu moja. Faida nusu kwa nusu, nauli kila mtu yake."

Dorah akasema nusu haiwezekani, chapati zina mafuta mengi. Wakaendelea hapo mpaka giza likaanza kuingia, wenzao wamekwisha kubeba viroba wameondoka, na hakuna hata mmoja aliyekuwa tayari kuwa wa kwanza kusema sawa.